Miaka minne, bado kigarini

Kigari cha kumsukumia mtoto tulikinunua katika soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, binti yetu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, kwa shilingi 45,000 baada ya kuvutana bei kwa karibu robo saa. Kilikuwa cha aina ile inayokunjwa kama mwavuli, chenye fremu ya alumini, kitambaa cha bluu kilichopauka na magurudumu madogo pacha katika kila mguu. Mke wangu alisema kitatufaa kwa mwaka mmoja, halafu tutampa mtu mwingine mwenye mtoto mdogo. Binti yetu alipotimiza miaka minne kigari kilikuwa bado kimeegemezwa nyuma ya mlango wa sebule, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nakitoa, nakikunjua kwa mguu na kumwambia apande.

Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake hazijui Jumamosi wala sikukuu, kwa hiyo siku za kutoka na mtoto zilikuwa zangu. Tunaishi mtaa wa Soweto, na kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima asiyeburuta miguu. Kwa mtoto wa miaka minne, ambaye husimama kumtazama kila mbuzi, huokota kila kifuniko cha soda na kutaka kujua nani alichimba kila shimo, ni mwendo wa saa nzima na ushee. Kigari kiliniokolea ile nusu saa. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba namsukuma kwa kuihurumia miguu yake, hali kilichokuwa kikihurumiwa ni ratiba yangu. Isitoshe, kigari kilibeba viazi, sabuni, lita tatu za mafuta ya kula na sweta, na wakati wa kurudi mtoto alikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo.

Moshi huwezi kusukuma kigari ukabaki na amani yako. Kwanza, mwanamume anayesukuma mtoto ni kitu cha kutazamwa. Pili, mtoto mwenyewe akiwa na magoti yanayofika kifuani na viatu vinavyokaribia kuburuza lami, watu hujiona wana haki ya kupewa maelezo. Karibu na Mnara wa Saa mama mmoja muuza ndizi aliniuliza kwa upole, baada ya kunipa pole, kama mtoto anaumwa miguu. Vijana wa bodaboda hawakuwa na upole huo. "Mangi, ukimfikisha huyo urudi unichukue na mimi," mmoja alinipigia kelele, na kijiwe kizima kikacheka. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nahesabu mambo. Dakika chache kabla ya hapo pikipiki ilikuwa imepita na mtoto wa umri kama wa binti yangu amekalishwa juu ya tangi, bila kofia, mikono yake imeshika vioo, na hakuna mtu aliyemuuliza baba yake swali lolote. Mtoto wa miaka minne kubebwa na injini ni jambo la kawaida. Kubebwa na baba yake kwa magurudumu ndiyo aibu.

Hoja hiyo niliitumia kujitetea kwa miezi mingi, na hata leo naiona ina uzito, ila haikujibu swali lenyewe. Aliyelijibu, bila kukusudia, ni mama mkwe wangu.

Ilikuwa Desemba, wakati ambapo Wachaga wa kila pembe ya nchi hurudi nyumbani na barabara za kupanda mlimani hujaa magari yanayotoka Dar es Salaam. Tulikwenda kwake Kibosho. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwake ni njia nyembamba inayopita katikati ya migomba na kahawa, kando ya mfereji, na kigari hakikufaa hata hatua kumi. Nilikikunja nikakibeba begani, mtoto nikamshika mkono, mfuko wa sukari na mchele nikauninginiza kwenye mkono uliobaki. Mama alinitazama kutoka uani tangu nilipojitokeza mpaka nilipofika na kumwamkia.

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona leo gari ndilo limekupanda wewe?"

Nilimweleza habari ya mjini, umbali, jua na vijana wa kijiweni. Nilitegemea aungane na wale wa Mnara wa Saa, kumbe alianza kwa kunitetea. Alisema mke wangu, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, alibebwa mgongoni kwa mbeleko mpaka akakaribia kuanza shule, hasa siku za soko, na hakuna jirani aliyesema neno. "Lakini mgongo unachoka," alisema. "Nikifika kwenye mfereji nimechoka, namshusha, anatembea mpaka kwenye kilima. Pale analia, namchukua tena. Hilo lako halichoki. Ukimweka asubuhi, litamrudisha jioni."

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hilo kila ninaposhika mpini. Mgongo wa mlezi una kipimo chake ndani yake: jasho, kiuno, na uzito wa mtoto unaoongezeka kila mwezi. Hakuna aliyehitaji kumwambia bibi wa Kibosho kwamba mtoto wa miaka minne asibebwe saa nne mfululizo, kwa sababu asingeweza. Kigari kimeondoa uchovu huo, na kwa kuuondoa kimeondoa pia saa iliyokuwa ikilia yenyewe na kusema sasa shuka.

Nilipomsimulia mke wangu, alinionyesha kwenye simu yake mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaohusu mwendo, kukaa na usingizi kwa watoto walio chini ya miaka 5. Nilidhani nitakuta umri wa mwisho wa kupanda kigari. Haumo. Kilichoandikwa ni muda: mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 kwa mkupuo, na vigari vimetajwa kama mfano, hata kwa watoto wa miaka 3 na 4. Kwa wadogo zaidi, wa mwaka 1 hadi 2, mfano mwingine uliotajwa ni kufungwa mgongoni kwa mlezi, jambo lililomfurahisha sana mama mkwe tulipompigia simu kumsomea. Alitaka kujua hao wakubwa wa shirika hilo kule Geneva nani aliwaambia habari za mbeleko. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri wa binti yangu apate angalau dakika 180 za mwendo wa aina mbalimbali katika siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kukimbia, kuruka na kutoka jasho. Nikapiga hesabu ya Jumamosi yangu moja. Kwenda mjini dakika 30, sokoni dakika 50, kinyozi dakika 40 akiwa amekaa, kurudi dakika 35, halafu chakula, halafu katuni. Mtoto mwenye afya kamili alikuwa anatembezwa mji mzima bila kutembea.

Kisha yakanikuta ya mkosi. Februari alipopelekwa kliniki alikuwa na kilo 16.4, na kadi ikaonyesha mstari wake unapanda vizuri. Wiki hiyohiyo, nikisugua matope kwenye fremu, nikaona kibandiko kilichochakaa ambacho sikuwahi kukisoma kwa karibu miaka mitatu: uzito wa mwisho kilo 15. Ningekuwa mtu mwenye busara ningeishia hapo. Mimi nilijiambia kwamba kilo moja na nusu si kitu, na Jumamosi iliyofuata nikampandisha kama kawaida, na wakati wa kurudi nikatundika kwenye vishikio mifuko miwili, mmoja wa embe na mmoja wa sukari, ukiwa na trei ya mayai juu yake.

Wasomaji wenye vigari wanajua kilichofuata. Mtoto mzito anapokuwa amekaa, kigari hutulia kwa sababu yeye ndiye mizani ya upande wa mbele. Mtoto mdogo hafungui mkanda mwenyewe, lakini wa miaka minne anafungua, na wangu alimwona rafiki yake wa chekechea ng'ambo ya barabara akafungua na kuruka. Mifuko ikakivuta kigari nyuma, kikaanguka chali, mayai yakawa uji kwenye vumbi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiacha mifuko yote nimemdaka mtoto hatua mbili kutoka kwenye lami, mbele ya gari la abiria lililokuwa likiingia kituoni. Nilitetemeka mikono mpaka nyumbani. Mtoto mkubwa kigarini ana hatari zake ambazo si za mtoto mchanga: ana nguvu, ana vidole vyenye akili, na ana mambo yake ya kuyakimbilia.

Gurudumu moja la mbele nalo lilivunjika kishikizo. Nilikipeleka kwa fundi baiskeli Mbuyuni, ambaye alikigeuza juu chini na kukikagua kwa heshima niliyokuwa sijakipa mimi. Baadaye nilisoma kwamba aina hii ya kukunjwa ilibuniwa mwaka 1965 na Mwingereza aliyeitwa Owen Maclaren, mhandisi ambaye kabla ya hapo alishughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, na ndiyo maana fremu ni nyepesi, ya alumini, na inajikunja kwa mkato mmoja. Kwa ukoo huo wa heshima, ni jambo la kusikitisha kwamba kimeshindwa na njia ya vumbi ya Soweto. Fundi alinifungia magurudumu ya toroli dogo, ya mpira mgumu, akanitoza 8,000, akaniambia sasa kinaweza kubeba saruji.

Baada ya hapo kigari kilikaa nyuma ya mlango miezi kadhaa, na niliona mambo mawili yanayopingana. Siku za kazi za kawaida, mtoto alilalamika kama mzee aliyedhulumiwa pensheni. Alikuwa amezoea. Hata dukani, hatua zisizofika mia mbili, aliomba kigari, na aliponyimwa alikaa chini. Mwezi wa sita tulikwenda Materuni, kule Uru, na wageni wawili wa mke wangu kutoka Dodoma waliotaka kuona maporomoko ya maji. Nilijiandaa kumbeba mtoto njia nzima. Njia ile inapanda na kushuka kando ya bonde, ina mawe na matope yasiyokauka, na mwishoni unavuka maji. Binti yangu aliokota fimbo mwanzoni mwa safari na akatembea. Alitembea kwenda, akakaa kwenye manyunyu ya maporomoko mpaka midomo ikawa ya buluu, akala ndizi, akatembea kurudi, akiwaongoza wageni wa Dodoma na kuwaonya mahali penye utelezi. Yapata saa tatu kwa jumla, na hakuomba kubebwa hata mara moja.

Mtoto huyohuyo, Jumatatu, alikaa chini njiani kuelekea dukani.

Nilimuuliza amechoka nini. Akasema, "Hii njia nimeshaiona." Sikuwa na jibu. Miguu yake ilikuwa mizima wakati wote. Kilichochoka ni macho. Ule mwendo wa kwenda mjini, kandokando ya barabara, katikati ya moshi wa pikipiki na kelele za "sogea, sogea", na baba anayemvuta mkono kwa sababu kinyozi anafunga saa saba, haukuwa na kitu cha kumtembeza. Nilianza kubadilisha njia. Tukawa tunapitia vichochoro vya ndani, tunasimama kwa fundi seremala, tunahesabu mabango ya rangi nyekundu, na kinyozi tunamwendea jioni bila haraka. Ule mwendo wa saa moja na ushee niliokuwa nikiukwepa ndio ukawa matembezi yenyewe, na soko likawa kisingizio.

Baada ya hayo yote mtu angetarajia niseme kigari nilikigawa. Sikukigawa, na sababu ni Nane Nane.

Maonyesho ya wakulima ya kanda ya kaskazini hufanyika Themi, Njiro, mjini Arusha. Tulitoka Moshi kwa Kosta kabla hakujapambazuka vizuri, kigari kikalipiwa 1,000 kama mzigo na kutupwa kwenye buti pamoja na matenga ya kuku, na baada ya Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru tukashuka tukiwa tumeganda, maana Agosti ya Arusha si ya mchezo. Ndani ya uwanja kulikuwa na vumbi, magunia ya mbegu, ng'ombe wa maziwa wanaosifiwa kwa kipaza sauti, na watu wengi kiasi kwamba ukimwachia mtoto mkono kwa kuhesabu mpaka kumi unaweza kumsikia akitangazwa. Kwa saa mbili za kwanza alitembea na kuona kila sungura na kila trekta. Saa ya tatu alianza kulia bila sababu, kile kilio cha mtoto aliyejaa mambo kupita uwezo wake. Nikakunjua kigari kivulini nyuma ya banda la miche, nikamfunika sweta miguuni, na kabla sijamaliza kufunga mkanda alikuwa amelala. Khanga sikumfunika usoni kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mdogo, maana kitambaa kikiziba kigari juani joto hunaswa ndani na hewa haipiti. Mke wangu alinikataza hilo zamani. Alilala dakika arobaini, akaamka mtu mwingine, na tukaendelea na siku yetu. Bila kigari ningekuwa nimebeba kilo 17 za usingizi katikati ya umati, au tungekuwa tumerudi stendi saa tano asubuhi tukiwa na hasira wote wawili.

Alipokuwa bado amelala, mama mmoja alikuja kivuli kilekile akisukuma kigari kikubwa kuliko changu, na ndani yake kijana wa kiume ambaye nilimkadiria miaka saba. Nafsi yangu ilifurahi kupata mwenzi. Nikamsalimia, halafu mimi, niliyechukia swali hili kwa mwaka mzima, nikalitoa mdomoni mwangu likiwa limekamilika: "Na huyu wako mkubwa naye bado anapanda?"

Alinijibu bila kukunja uso, kama mtu anayejibu mara kumi kwa siku. Mwanawe ana mtindio wa ubongo. Viti vya magurudumu alivyoona vilikuwa vya saizi ya mtu mzima, mtoto anateleza ndani yake na kuinamia upande mmoja, ilhali hiki kigari, kwa kuwa mgongo wake unalala nyuma na kina mikanda mitano, kinamshika. Alikiongezea sponji kwa mkono wake pande zote mbili. "Kitu kinachonichosha si kumsukuma, kaka," alisema. "Ni kueleza."

Nilimwomba radhi, akasema si kitu, tukazungumza habari za bei ya maziwa na njia ya kutokea yenye mteremko mdogo. Binti yangu alipoamka alikitazama kile kigari kingine kwa muda, akamuuliza kijana jina lake, kijana akatoa sauti na kutabasamu, na mama yake akatafsiri. Sijamuuliza tena mzazi yeyote swali lile, na wanaoniuliza mimi siku hizi nawajibu kwa kifupi tu.

Sasa ana miaka mitano kasoro miezi miwili. Kigari hutoka pale tu siku inapokuwa ndefu kuliko mtoto: Nane Nane, safari ya basi, foleni ya hospitali anapokuwa na homa. Mikoba haitundikwi kwenye vishikio. Akikaa macho kwa muda wa saa moja anashuka, apende asipende, na mara nyingi kwa hasira anakisukuma yeye mwenyewe kikiwa na mizigo, jambo ambalo kwa magurudumu ya fundi wa Mbuyuni halimshindi. Kilo 15 za kile kibandiko tumezivuka kwa mbali, najua, na mke wangu hunikumbusha. Siku fremu itakapolia tena sitaipeleka kwa fundi.

Jumamosi iliyopita tulirudi upande wa Arusha, safari hii Ziwa Duluti, pale Tengeru, ambako kuna njia ya kutembea msituni kulizunguka ziwa. Kigari tulikiacha nyumbani. Alikimbia mbele, akaona kenge akatuita kwa mnong'ono, akakataa maji, akataka maji. Tulipokuwa tumepita nusu ya ziwa alisimama, akainua mikono yote miwili.

"Baba, nibebe."

Nilichuchumaa, akapanda mgongoni, nikafunga mikono yangu chini ya mapaja yake nikaanza kupanda kile kilima kidogo. Alinielekeza sikioni mahali pa kukanyaga. Nilifika kwenye mti mkubwa ulioanguka njiani, kiuno kikiwaka, pumzi zikiwa zimeniishia, nikamkalisha juu ya gogo.

"Umechoka?" aliniuliza.

"Nimechoka."

Akaruka chini, akanitangulia.